Kosa Nililotaka Alitaje

Sudi mwanangu,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliipokea na marahaba nikakupa, kwa hiyo salamu tuziruke. Wala sitaandika kwamba natumai u mzima, maana nimekuona mchana ukimaliza sahani mbili za wali na samaki, ukalamba na vidole, ndipo ukatoka kwenda kuaga wenzako Mtoni. U mzima. Na mie mzima. Ninalokuandikia si la afya.

Ya safari yako ya Mwanza sitayagusa. Baba yako ana orodha yake ya mambo ya kukwambia, kaiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana, na kesho atakusomea yote mpaka utamani treni ing'oke kabla ya saa yake. Msikilize, ni haki yake. Mie nina langu moja.

Utasema, mama ananiandikiaje barua na kitanda chake kiko ukuta wa pili? Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nitakushinda. Unanijua. Nikianza kukusimulia, wewe utauliza swali, mie nitalijibu, na jibu langu litakuwa zuri. Utauliza la pili, nalo nitalijibu vizuri zaidi, mpaka mwisho utanyanyuka kwenye mkeka ukiamini mama yako hana kosa. Nimeshawafanyia watu wengi hivyo. Sitaki nikufanyie na wewe, kesho unaondoka.

Kilichonikalisha chini ni yale makaratasi yako ya kompyuta.

Jumapili ile uliporudi Kariakoo, kule mnakolipia kompyuta kwa saa, ulikuja na karatasi sita umezificha ndani ya shati zisilowe mvua. Ukanikalisha. Ukanieleza upya, maana hiyo intaneti yako bado inanipiga chenga, kwamba Watanzania waliotawanyika dunia nzima wanaandikiana humo, mmoja anatupa neno na wenzake wanalidaka, na mtu hujui sura yake wala umri wake. Nikakwambia hicho ni kijiwe, ila hakina benchi. Ukacheka, ukasema mama umepatia.

Basi kulikuwa na bwana mmoja yuko Ulaya, kaandika kwamba sisi wananchi tunateseka na shida ya maji. Ukamdaka hapohapo. Unatesekaje na maji ya Dar es Salaam na wewe uko Ulaya? Akasema mama yake yuko Mbagala, na yeye inamuuma. Ukamwambia basi anayeteseka ni mama yako, si wewe, rekebisha. Yule bwana akasema, kijana, si umenielewa? Ukasema kuelewa ni jambo moja na ulichoandika ni jambo lingine. Siku nne, mwanangu. Wa Marekani wakaingia, wa Uingereza wakaingia, wengine upande wako na wengine upande wake, na maji yenyewe hakuna aliyeyataja tena. Mwisho yule bwana akaandika mstari mmoja, kwamba ndugu yangu, kama nimekuudhi uniwie radhi. Nawe ukamjibu ukurasa mzima na nusu, hoja ya kwanza mpaka ya saba, kwamba radhi yenye "kama" si radhi.

Ulinisomea umesimama, mkono mmoja kiunoni. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nikakwambia nirudie ile ya nne. Kesho yake nikaipeleka sokoni, nikawatangazia wenzangu kwamba mwanangu kawaweka chini watu wenye digrii zao, na hawajui kama kazaliwa Tandika na muuza mitumba. Nilijiona nimevikwa koja la asumini.

Jioni nikakuuliza, "Sasa yule bwana kakujibuje?"

"Hajajibu, mama. Kanyamaza moja kwa moja. Hata kwa wengine haandiki tena."

"Kakimbia."

"Kakimbia," ukasema, ukachukua ndoo ukaenda kuoga.

Nikabaki na sufuria mkononi. Maana mie namjua mtu mmoja aliyenyamaza hivyo, na hakukimbia.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Wewe ulipopata akili ulinikuta tayari naitwa Mama Thibitisha, labda hujui jina lilianzaje. Miaka ile biashara imefunguliwa, nguo za mitumba zinaingia kwa meli, mie nikaacha kukaanga vitumbua nikanunua belo langu la kwanza. Na magazeti nayo yakaanza kuwa mengi. Zamani tulikuwa na moja mawili, unasoma unaamini. Sasa meza imejaa, hili linasema hivi, lile linasema vile. Hiyo meza ya magazeti ilikuwa ubavuni mwa meza yangu, na upande wa pili fundi Chande anashona viatu, na mbele yake benchi. Wanaume walikuwa wanakuja kusoma vichwa vya habari bure, hawanunui, wanakaa pale benchini wanabishana mpaka adhana ya adhuhuri.

Mie nilikuwa nasikiliza tu, nakunja suruali zangu. Siku moja mmoja akasema, "Serikali hii imeshauza kila kitu."

Nikamuuliza, "Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

"Na hilo benchi ulilokalia kauziwa nani?"

Wakacheka. Akajitetea, "Mama Sudi, mie nazungumza kwa ujumla."

"Ya jumla nenda Kariakoo. Hapa tunauza rejareja."

Benchi zima likaanguka. Mmoja akasema huyu mama mtu akisema kitu anataka athibitishe, na kuanzia siku hiyo jina likanikaa. Na sijidai, Sudi, lakini hakuna aliyeniweza. Karani mmoja wa bandarini alikuja na tai shingoni akaondoka kaishika mkononi. Mwalimu wa sekondari alitoka Kinondoni, alisikia habari zangu, akaja kunijaribu; alikunywa vikombe vitatu vya kahawa na kila hoja yake nikamrudishia imekunjwa kama shati. Na elimu yangu ni darasa la saba hilohilo. Mtu akisema "siku zote," namuuliza, na jana? Akisema "watu wanasema," naomba majina. Akisema "nadhani," namwambia nenda kadhani nyumbani, ukishajua urudi. Na wewe ukitoka shule unakaa juu ya belo, unakula muhogo wako, unaniangalia. Nilikuwa naona macho yako yanavyong'aa. Nusu ya maneno yangu pale nilikuwa nayasema kwa ajili ya macho hayo.

Yule wa "kila kitu" hakukaa tena pale benchini. Zikapita siku nyingi ndipo fundi Chande akaniambia kwamba wiki ile kiwanda alichokuwa anafanya kazi kilipata mwenyewe mpya, na yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani. Hilo ndilo alilokuja kulisema. Alianzia mbali kidogo, kama mtu mzima anavyoanza jambo zito, na mie nikamkata palepale alipoanzia. Nilisikitika, nikasema masikini, halafu nikaendelea na kazi yangu. Sikujifunza kitu. Nakwambia ili usidhani nilikuwa sijaonywa.

Sasa nije kwa shangazi yako Tatu. Najua ukikuta jina hilo utataka kuikunja barua. Usiikunje.

Unamkumbuka zaidi ya unavyotaka sie tujue. Dada mkubwa wa baba yako, chumba chake mkabala na chetu, humuhumu ndani. Mungu hakumjalia mtoto. Nilipokuachisha ziwa nikarudi kwenye biashara, yeye ndiye aliyekuogesha, akakupeleka kliniki, akakufundisha alifu na be kabla hujaanza madrasa. Ulipougua surua mie nilikuwa Unguja nafuata kanga za kuuza. Mzigo ulichelewa, nikakaa siku tisa. Niliporudi nikakukuta umepona, unakula uji, na shangazi yako kakonda kuliko wewe. Nilimwambia ahsante. Nataka kuamini nilimwambia.

Ulipochaguliwa kwenda sekondari nilipika pilau mtaa mzima ukala, mpaka wasionipenda walikuja na sahani. Ukumbini wanawake wamejaa, mie nazunguka na sinia la nyama, nikamsikia shangazi yako anamwambia mgeni mmoja, taratibu, mkono wake uko kichwani kwako: "Huyu nimemlea mie."

Angekuwa mtu wa benchini ningemuuliza palepale, wewe umemlea na mie nilikuwa wapi? Lakini sikuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kweli, Sudi. Ndiyo maana liliniuma.

Nikamnunia. Miezi minne tunapishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana. Akinisalimia naitika kwa kooni. Akiniletea mboga nakuachia wewe ule, mie nasema nimeshiba. Yeye akawa ananiangalia tu, hajui kafanya nini, na mie sikumwambia, maana ningemwambiaje? Kwamba umesema kweli mbele za watu?

Mfungo ulipokaribia, shangazi yako akafanya kama anavyofanya kila mwaka, kama wote tunavyofanya, akapita kwa ndugu na majirani kuombana radhi ili mtu asiingie mwezi mtukufu na kinyongo. Nyumbani nilikuwa namkwepa. Akanifuata sokoni. Kavaa baibui lake la kutokea, kasimama mbele ya meza yangu, benchi limejaa, na kwa sauti yake ileile ya chini akasema:

"Wifi, mwezi unaingia. Kama nimekukosea, kwa ninalolijua na nisilolijua, naomba unisamehe."

Mtu akikwambia hivyo jibu lake ni moja, na ulilijua ukiwa mdogo. Unasema nimekusamehe, nawe unisamehe, mnapeana mikono, kila mtu anakwenda zake. Mie nikasema:

"Kama?"

"Ndiyo, wifi."

"Kama umenikosea, au umenikosea? Maana anayesema 'kama' hana hakika."

Benchi zima likageuka. Nikasikia mmoja anaguna kwa raha, kama mtu aliyesikia harufu ya nyama inakaangwa.

"Na umesema usilolijua. Usilolijua unaliombeaje msamaha? Mie nisamehe kitu ambacho mwenyewe hujakiona?"

"Ndivyo wanavyosema watu, wifi. Mie sikuyatunga."

"Basi litaje. Moja tu, unalolijua."

"Silijui. Naona umebadilika, lakini silijui."

"Hapo lazima athibitishe," mmoja akasema kule nyuma, wakaanza kucheka.

Shangazi yako akawatazama, akanirudia mie. "Wifi, sikuja kushindana. Basi mie, yako nimekusamehe."

"Yangu yapi? Mie nimekuomba?"

Mwanangu, benchi liliripuka. Watu walishikana mabega. Mmoja alipiga meza ya magazeti mpaka yakamwagika chini. Shangazi yako akavuta baibui lake mbele, akasema, "Haya, wifi," akaondoka taratibu katikati ya watu wanaocheka, kama mtu anayevuka maji ya magotini.

Fundi Chande ndiye hakucheka. Alikaza uzi wake, akaukata, akasema bila kuinua macho, "Mama Sudi, leo umemshinda mtu aliyekuwa habishani."

"Kwani nilimwita mie?" nikamjibu. Hata hilo nilikuwa na jibu lake.

Jioni nikamsimulia baba yako, nikaigiza na sauti. Alikuwa anafungua viatu. Nilipofika mwisho akasema, "Umeshinda." Akavifunga tena viatu vyake, akatoka.

Hayo baba yako anayajua, na nusu ya Tandika inayajua, ni wewe tu uliyekuwa madrasa siku ile, na mie nikahakikisha hayakufikii. Linalofuata halijui mtu.

Shangazi yako alihama siku mbili kabla ya mfungo, akaenda kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yao kule Pugu. Asubuhi ile alikuja mlangoni kwangu akaniambia jambo moja tu. "Gari la mizigo linakuja alasiri. Nitamsubiri Sudi arudi madrasa nimuage." Nikasema sawa. Alipogeuka tu nikavaa ndala, nikakufuata madrasa, nikakuombea ruhusa kwa mwalimu, nikakutuma Kinondoni kwa mama yako mdogo ukaniletee mkasi. Mkasi, Sudi. Ndani nilikuwa na mikasi mitatu. Nikakwambia kula hukohuko, cheza na wenzako, usirudi juani. Ulifurahi mno. Ulikwenda unarukaruka.

Alasiri gari likafika. Wakapakia kitanda, wakapakia kabati, wakapakia na kile kiti chake kifupi ulichokuwa unakalia akikukata kucha. Yeye kakaa kibarazani na pochi yake mapajani, anatazama kona ya msikiti. Mie niko ndani, nachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Akaja mlangoni.

"Sudi bado?"

"Kaenda Kinondoni kwa mama yake mdogo."

"Mwenyewe kataka kwenda?"

"Alifurahi sana," nikasema.

Akatazama tena kona ya msikiti. Dereva akapiga honi. Akaenda.

Ulirudi magharibi na mkasi, ukakuta chumba kiko wazi, kimefagiwa.

"Shangazi yuko wapi?"

"Amehama."

"Mbona hajaniaga?"

"Ukimwona umuulize mwenyewe."

Yaangalie vizuri hayo maneno yangu, niliyomjibu yeye na niliyokujibu wewe. Humo hamna uongo. Ukiyapeleka benchini yatapita yote, na hizo hoja zako saba haziyaangushi. Na lile sanduku lako la bati la sekondari, ulipouliza nani kakununulia nikasema limeletwa na baba yako. Kweli alilileta yeye, kalibeba kutoka Pugu. Alilinunua shangazi yako, kauza kuku wake. Nimekulea kwa maneno ya kweli matupu, na wewe ukakua unaamini jambo lisilokuwepo.

Baba yako nilimwomba asikuingize kwenye mambo ya wakubwa. Akakubali, ila kwenda kwake Pugu hakuacha, na kila akirudi alikuletea salamu zake. Ukawa unaitika "mh," unabadilisha mazungumzo. Mara mbili alikuita mwende wote, ukasema una masomo. Halafu siku ile uko kidato cha pili, tunakula, baba yako kataja Pugu, ukasema hata uso hukuinua: "Shangazi alinichoka."

Nafasi nilikuwa nayo. Katika maisha yangu yote siku hiyo moja tu mtu alisema jambo mbele yangu nisimwambie athibitishe. Nikakuongezea mchuzi.

Usidhani sikujaribu. Mwaka juzi nilikwenda. Nilifika Gongo la Mboto, nikashuka nitafute usafiri wa kuendelea, na njia nzima nilikuwa natunga nitakachomwambia. Nikasema nitaanza na "tulikoseana." Tulikoseana sie wawili? Yeye alinikosea nini? Nikaliacha. Nikasema nitasema "yalitokea maneno." Yalitokea yenyewe, hayana mwenyewe? Nikaliacha na hilo. Kila neno nililolishika nililiona lina kamlango kadogo ka mie kutokea. Nilijibana mwenyewe palepale kituoni kama ninavyobana watu, na kama wao nikakosa la kusema. Nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani. Mlizila mkasema tamu.

Hata hapa nilipo, uani, na kalamu yako ya bluu, nimeshachana karatasi mbili. Ya kwanza niliandika "kama nilikukosea." Mkono wenyewe uliandika, mie sikuutuma. Nimeichana. Nilikukosea, Sudi. Nilikunyang'anya mtu wako. Nilimkosea na shangazi yako, nikamnyang'anya mtoto, maana wewe kweli ulikuwa wake, na wangu, wa wote wawili, na pilau ile ilitosha watu wote pale ndani.

Sasa utasema mama anataka niache kubishana. Sitakwambia hivyo, nitakuwa mnafiki, na nikisikia huko Mwanza kuna mtu kakushinda kwa hoja nitaona aibu mpaka nishindwe kwenda sokoni. Ulimi huo umeurithi kwangu, na ni mzuri, mie najivunia. Lakini yule bwana wa Ulaya ana mama yake Mbagala na mama hana maji. Mie hilo nimelijua kwenye makaratasi yako, liko mstari wa tatu, na nililicheka pamoja na mengine. Alipoandika mara ya kwanza alikuwa anamuwaza mama yake. Labda ungemuuliza tu, mama hajambo? Sijui kama hiyo intaneti ina nafasi ya kuuliza hivyo. Benchi langu lilikuwa nayo, na sikuitumia.

Nimeona jambo moja, nalisema kwa ninavyolijua mie: mtu anayekuja kuomba radhi huwa kajitungia maneno njiani, na yanakuwa mabovu. Yanakuwa na "kama" ndani yake, yana kujitetea, yana hofu. Shangazi yako alitoka Tandika huku ndani mpaka sokoni, juani, akiyarudia yale maneno ya siku zote kwa sababu hakuwa na mengine. Alileta alichokuwa nacho. Mie nikakipima kwenye mizani mbele za watu, nikamrudishia nikasema hakijatimia.

Basi sikiliza, na hili halina mjadala.

Treni yako ni ya jioni. Asubuhi ya kesho nilikuwa nimeiweka yangu. Sikufichi, nilipanga nikuamshe na vitumbua, halafu nikupitishe sokoni na shati lako jipya, nikuoneshe kwa kila mtu, huyu ndiye anayekwenda Mwanza kwenye kazi ya kompyuta, mtazameni, nimemzaa mie. Wiki nzima nimeifikiria asubuhi hiyo. Nimeiacha. Nenda Pugu na baba yako. Nimeshamwambia akuamshe mapema, na hakuniuliza kwa nini. Nilimwona tu anatafuta kofia yake nzuri.

Mie siendi. Natamani sana kwenda, lakini nikiwepo nitasema, na nikisema itageuka kuwa asubuhi yangu tena.

Usimpelekee radhi yangu. Hiyo haitumwi kwa mtoto. Nitakwenda mwenyewe ukishaondoka, siku ya kawaida tu, na sitangoja mwezi uingie. Makosa nitayataja, ninayoyajua ni mengi. Akitaka kuniuliza maswali aniulize hata mpaka jua lizame. Akinifungia mlango nitarudi siku nyingine.

Wewe mweleze habari ya mkasi. Hiyo haijui. Miaka yote hii anadhani ulijua anaondoka ukachagua kwenda kucheza Kinondoni, na bado akakununulia sanduku. Mwambie ulitumwa, mwambie na aliyekutuma, usinisitiri. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie huko njiani, baba yako atakusikiliza. Na ukirudi mchana hutaki kusema na mie, usiseme. Chakula kitakuwepo.

Akitaka kuja kukusindikiza, mje naye. Pale stesheni treni ikishakaribia kuondoka watu wanasongamana, wote wanataka kushika mkono wa anayesafiri, na mama mtu ndiye anayepishwa akae mbele kabisa, dirishani. Nafasi hiyo mpe yeye. Mie nitasimama nyuma yake.

Mama yako,
Zaituni